Turudishieni majibu: barua ya wazi kwa wanaotoa vibali vya utafiti

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia; Waziri wa Afya; Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH); na wajumbe wote wa kamati za maadili ya utafiti.

YAH: MATOKEO YA UTAFITI KURUDI KULE ULIKOFANYIKA

Waheshimiwa, nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nina miaka kumi na tisa kazini, na saba ya mwisho nimekuwa wodi ya watoto njiti katika hospitali moja ya mkoa. Sina shahada ya uzamivu wala sijawahi kuhutubia kongamano. Nimezoea tu kukesha na mtoto wa kilo moja na robo, na mtu akikesha hivyo miaka saba kuna mambo anayaona.

Mwezi uliopita mama mmoja alileta mwanawe kliniki. Nilimkumbuka mara moja, kwa sababu alikaa kwetu siku arobaini na moja. Mtoto aliyezaliwa na gramu 1,350 sasa ana miaka mitatu, anakimbia kwenye korido kwa kandambili za dada yake zinazomzidi miguu. Tulikumbatiana, tukacheka. Halafu akaniuliza: "Sista, wale waliomtoa mwanangu damu ya utafiti, walisemaje?"

Sikuwa na jibu. Wale watafiti walikuja kwa adabu zote, na vibali wanavyo, vyenye mihuri ya kwenu. Mimi ndiye niliyewaeleza akina mama fomu ya ridhaa, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni mno na wao walikuwa wamechoka. Mimi ndiye niliyemshika yule mtoto kisigino akitobolewa, na mimi na wenzangu ndio tuliojaza madodoso kila zamu, usiku na mchana, miezi kadhaa. Kwenye fomu ile kulikuwa na sentensi niliyoisoma kwa sauti mara nyingi hadi nikaikariri: utafiti huu utaisaidia jamii. Wakamaliza, wakatushukuru kwa chai na maandazi, wakaondoka. Hadi leo sijui walipata nini. Nilimwambia yule mama nitafuatilia, na nilipokuwa nasema hivyo sikujua nianzie wapi.

Ndiyo maana nawaandikia nyinyi mnaoshika muhuri.

Siandiki kwa kuuchukia utafiti. Nimeuona ukifanya kazi yake sawasawa. Kabla ya kuhamia wodi hii nilikuwa kliniki ya kifua kikuu. Tulikuwa tunakusanya vikopo vya makohozi, vinapimwa kwa darubini, na vingine vikishapimwa vinasafirishwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa ugonjwa. Mara ya kwanza nilipoambiwa sikuamini. Panya! Sisi tuliolelewa kuwawekea mitego ghalani. Lakini panya yule anapita juu ya vitundu vyenye sampuli, na akinusa kifua kikuu anasimama na kukaza pua pale pale kwa sekunde tatu hivi. Sampuli 100 anazimaliza kwa dakika kama 20, kazi inayoweza kumchukua mtaalamu wa maabara siku nne. Panya akishaonyesha, sampuli inahakikiwa tena maabara, ndipo kituo kinapewa taarifa. Kwetu simu ilikuwa inalia: mgonjwa fulani, namba fulani, mliyemwambia hana, anao. Tunamtafuta, tunamwanzishia dawa.

Mnaona? Kikopo kilienda, jibu likarudi. Hapo ndipo tulipoanza kuziandika lebo za vikopo kwa makini, bila kuhimizwa na mtu. Na wale wanaosoma tabia za wanyama wanaijua siri hii kuliko sisi. Panya akipatia hapewi zawadi yake kesho. Kinasikika kitu kikilia "tik", papo hapo anapewa ndizi iliyopondwa, kwa sababu zawadi ikichelewa haunganishi tena na alichokifanya. Tena ndani ya sampuli zisizojulikana huchanganywa chache ambazo tayari zinajulikana zina ugonjwa, ili panya apate za kutuzwa kwa uhakika, asije akakata tamaa au akafundishwa makosa. Watu wazima wamekaa wakafikiria kwa kina namna ya kumrudishia panya jibu la kazi yake. Panya mmoja wa Morogoro, Magawa, alipelekwa Kambodia akanusa mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Nafurahi kila nikikumbuka. Ninachoomba ni uangalifu wa namna hiyo hiyo kwa mama aliyetoa damu ya mtoto wake.

Sasa niwaambie habari ya kaunta buku langu, kwa sababu ndilo lenye swali langu.

Mtoto njiti adui yake wa kwanza ni baridi. Ngozi yake ni nyembamba kama ganda la kitunguu, mafuta chini ya ngozi hana, na joto linamtoka kwa njia nne: maji yanayokauka mwilini mwake, kitu cha baridi anachogusana nacho, upepo unaompitia, na ukuta au dirisha la baridi lililo karibu naye hata kama haligusi. Hii ni fizikia, ile ile tuliyoikariri shuleni kwa ajili ya mtihani, isipokuwa hapa ukiikosea mtoto anaacha kupumua. Asubuhi moja msimu wa mvua nilipima joto la mtoto kabla ya kumpeleka kwenye mizani: 36.6. Tukamvua, tukampima uzito, tukamrudisha. Nikapima tena: 36.1. Nusu nyuzi, kwa kitendo cha dakika chache tunachokifanya kila siku kwa kila mtoto, kwa nia njema kabisa. Mizani yenyewe ina sahani ya chuma na iko karibu na dirisha, kwa kuwa ndipo penye swichi ya umeme.

Tangu siku hiyo naandika. Kaunta buku la kwaya mbili, mistari nimeichora kwa rula: kabla, baada, dirisha wazi au limefungwa, sahani tupu au imetandikwa kanga, na kanga yenyewe ilikuwa ya baridi au ilitoka kifuani kwa mama. Nilipowaonyesha wale watafiti, aliyekuwa kiongozi wao akalifungua ukurasa mmoja, akalifunga, akanirudishia. Akasema hilo halimo kwenye utaratibu wa utafiti wao. Alisema kweli, halikuwamo. Nikamuuliza basi nilipeleke wapi. Akatabasamu tu.

Najua daftari langu si utafiti. Kipimajoto ni kimoja, wakati mwingine betri imechoka, na siku za msongamano nimeruka. Huenda nilichokiona ni makosa ya kupima tu. Nataka mtu anayejua kupima anionyeshe kama nimekosea. Hiyo ndiyo kazi ya sayansi, na hapa mimi sina mlango wa kuubishia hodi.

Nchi hii inamjua vizuri mtu aliyebisha hodi akachekwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unaweka sukari, unasubiri yapoe, unaingiza kwenye friji. Siku hiyo nafasi ya friji ilikuwa inagombewa, naye akaingiza maziwa yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akaja kuambiwa na wauza aiskrimu wa Tanga mjini kuwa wao hufanya hivyo hivyo, wanaingiza ikiwa ya moto ili igande haraka. Wauza aiskrimu walikuwa wanajua. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia, na ikawa ndiyo utani wa darasa. Hadi siku Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam alipowatembelea. Kijana akanyoosha mkono, wenzake wakacheka, lakini yule mgeni hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam akamwomba fundi wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 makala ikachapishwa kwenye jarida la fizikia la Uingereza ikiwa na majina mawili, la Mpemba na la Osborne. Jina la Mpemba likawekwa pale pale juu na hakuishia kwenye aya ya shukrani mwishoni. Hilo peke yake lingetosha kuwafundisha jambo watafiti wengi ninaowafahamu.

Na Mpemba mwenyewe hakuishia kuwa mwanafizikia. Alisoma Mweka, chuo cha wanyamapori karibu na Moshi, akaitumikia nchi kwenye maliasili. Nalitaja hilo kwa sababu mara nyingi tunadhani maswali ya fizikia ni ya wanafizikia, ya wanyama ni ya wahifadhi, ya wagonjwa ni ya madaktari. Maziwa yake yanayoganda na mtoto wangu anayepoa kwenye sahani ya chuma ni swali la familia moja: joto linatoka wapi, linakwenda wapi, kwa kasi gani.

Ubishi wa jambo lake haujaisha hadi sasa. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza ilitangaza zawadi kwa atakayelieleza vizuri, na majibu zaidi ya 22,000 yakamiminika kutoka duniani kote. Mwaka 2016 watafiti wawili wakarudia vipimo wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha, na wakaonyesha kuwa kipimajoto kikikaa sentimita moja tu juu au chini kinaweza kukupa jibu jingine kabisa. Niliposoma hapo niliweka simu chini nikaenda kuangalia ninakoweka kipimajoto changu kwapani mwa mtoto. Miaka minne baadaye wanasayansi wa Kanada wakaonyesha jambo la aina hiyo likitokea kwa vichembe vidogo vilivyowekwa ndani ya maji. Kwa hiyo swali la mwanafunzi wa Lushoto limewashughulisha wakubwa kwa zaidi ya nusu karne. Fikirini kama Osborne naye angecheka siku ile.

Jibu linaporudi wodini, watoto wanapona. Hili sisemi kwa kukisia. Ule mtindo wa kangaruu, mtoto kulazwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwenye hospitali iliyokuwa na upungufu wa inkubeta, zile mashine za kumtunzia mtoto joto. Jina lake limetoka kwa mnyama anayemlea mwanawe mfukoni. Kwa miaka mingi tulifundishwa kusubiri: mtoto atulie kwanza kwenye mashine, ndipo apewe mama. Halafu Shirika la Afya Duniani likafanya jaribio katika hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Nusu wakawekwa kifuani mapema iwezekanavyo, mama akiwa ndani ya chumba kile kile cha wagonjwa mahututi. Nusu wakafuata utaratibu wa zamani. Matokeo yakatoka Mei 2021. Katika siku 28 za mwanzo walifariki asilimia 12 ya wale wa kifuani, na asilimia 15.7 ya wale waliosubiri. Tofauti ilikuwa kubwa hata jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Mwaka uliofuata mwongozo wa dunia ukabadilishwa.

Sikuipata habari hiyo kwa waraka. Niliisikia kwa mwanafunzi aliyekuja mafunzo kwa vitendo, akanionyesha kwenye simu yake, kwa Kiingereza. Tukaisoma wote wawili tumesimama, tukitafsiriana. Usiku huo huo nikamvuta mama kiti hadi ndani. Najiuliza ni usiku mingapi ilipita kabla ya huyo mwanafunzi kufika kwetu.

Halafu ipo kazi iliyosimamiwa kutoka hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, katika vituo 30 vya mikoa mitano, ikihusisha akina mama na watoto wapatao laki tatu. Wakunga walipewa vifaa bora na mwanasesere wa kufanyia mazoezi mafupi ya mara kwa mara ya kumfufua mtoto asiyepumua, na takwimu zao wenyewe zikawa zinarudishwa kwao, wakaziona na kurekebisha kazi. Majibu yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama vikipungua kwa takriban robo tatu. Nawaomba mkae kidogo na sehemu ile ya takwimu kurudishwa kwa wakunga. Hayo ndiyo ninayoyaomba.

Wapo watakaosema lugha ndiyo kikwazo, kwamba sayansi haiandikiki kwa Kiswahili. Watu wa Kigoma wana jibu lao. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika msitu wa Gombe, huko Kigoma, Julai 1960, kabla hajawa na shahada yoyote, akaona sokwe wakivua mchwa kwa vijiti, na dunia ikabidi ifikirie upya maana ya chombo. Lakini mwaka 1975 watafiti wanne walipotekwa na waasi waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire (Kongo ya sasa), wageni wakaondolewa, na waliobaki porini kuwafuata sokwe kutwa nzima walikuwa Watanzania, watu kama Hilali Matama. Utafiti haukukatika hata kidogo. Na waliyoyaona waliyaandika kwa Kiswahili: nani kamchambua nani manyoya, nani kampiga nani, mama yupi kampakata mwanawe aliyekufa siku ngapi. Kumbukumbu hizo zikaja kutafsiriwa Kiingereza na kuhifadhiwa kwenye vyuo vya Marekani, na wasomi wanazitumia hadi leo. Kwa hiyo Kiswahili kimeibeba sayansi kutoka msituni hadi chuo kikuu ng'ambo kwa miongo mitano. Kinachotushinda ni kuirudisha hapa kwetu.

Ninachokiomba kiko ndani ya mamlaka yenu na hakihitaji Bunge kukaa. Mtafiti haanzi kazi bila kibali cha COSTECH, na akigusa binadamu haanzi bila kibali cha maadili. Basi kibali kiwe na sharti moja la nyongeza: kabla ya faili kufungwa, aonyeshe kwamba alirudi mahali alipochukulia sampuli, akaeleza kwa Kiswahili cha kusikika alichokipata, hata kama hakupata kitu. Ukurasa mmoja ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa wodi, na saa moja ya kikao cha asubuhi watu waulize. Kama wahojiwa walikuwa wafugaji, iwe mnadani; kama ni wanafunzi, iwe darasani. Asiyerudi, ombi lake jingine lisubiri hadi arudi. Najua mtasema hilo tayari limeandikwa kwenye miongozo kwa namna fulani. Huenda. Mimi nimepokea watafiti wengi wodini na sijawahi kumwona hata mmoja akiulizwa.

Serikali imeanza kuwatuza wanasayansi wetu wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, na naliunga mkono hilo kwa moyo wote, wamechelewa kutuzwa. Wakati mnapanga tuzo za mwaka ujao, ulizeni pia nani aliyewaeleza aliowatafiti. Na ulizeni nani aliyekusanya. Wauguzi, mafundi wa maabara, waongozaji wa porini, hawa ndio wanaoamka saa tisa usiku kujaza namba ambazo wengine wanazipigia hesabu. Siombi jina langu liwe la kwanza. Osborne hakupungukiwa kitu kwa kumweka kijana yule kando yake.

Jambo la pili ni mlango. Tunao Mfuko wa Taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE. Ndani yake kiwekwe kidirisha kidogo kwa maswali madogo: muuguzi, mwalimu wa msingi, bwana mifugo, atume swali kwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, bila nadharia tete wala orodha ya marejeo. Aunganishwe na mtu wa chuo kilicho karibu naye anayejua kupima. Gharama yake mara nyingi haifiki posho za kikao kimoja. Kwa swali langu mimi zinatosha vipimajoto viwili vinavyoaminika, mizani ya pili, na mwanafunzi wa fizikia mwenye subira wa kukaa nasi msimu mmoja wa mvua.

Yule mama wa kandambili anarudi kliniki Machi. Nimeomba namba ya kibali cha utafiti ule kwa uongozi wetu na bado naisubiri. Ikipatikana nitaiandikia ofisi yenu rasmi, kwa jina langu na namba yangu ya usajili.

Kaunta buku liko kwenye droo ya chini ya meza ya zamu, limefunikwa kwa gazeti. Atakayetumwa na ofisi zenu aje baada ya saa mbili asubuhi, tukishakabidhiana zamu, ila akitaka kuona lile la mizani kwa macho yake awahi saa kumi na mbili. Aje na kipimajoto chake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mkunga, wodi ya watoto njiti